Posho: neno moja, maana zaidi ya moja

Ukifika Uganda kutoka Kongo au Burundi, neno "posho" utalisikia mapema sana. Watoto wanakula posho na maharage shuleni, na dukani unaulizwa unataka posho kilo ngapi. Hapa posho ni ule ule bugali wa mahindi unaoujua, na unga wake pia huitwa hivyo. Waganda huuita vilevile kawunga, jina linalotokana na "unga".

Lakini ukimwambia Mtanzania kwamba umekula posho, anaweza kucheka. Kwake posho ni pesa, kama ile anayopewa mtu akienda semina au safari ya kikazi.

Nani yuko sahihi? Wote wawili. Katika Kiswahili cha zamani posho ni mgao wa chakula. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipewa posho. Mara nyingi haikuwa chakula chenyewe bali kitambaa au shanga, wakabadilishane na wanakijiji kupata chakula. Kwa hiyo tangu zamani posho iliweza kuliwa, au kununua cha kula.

Wakati wa ukoloni, askari, wafungwa, vibarua na wanafunzi wa bweni waligawiwa unga wa mahindi, kwa sababu ni wa bei nafuu na unakaa ghalani. Huko Uganda, ambako wengi walizoea matoke, jina la mgao likahamia kwenye chakula. Tanzania likabaki kwenye malipo.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Ukiahidiwa kibarua cha shambani "pamoja na posho", mwenye shamba anaweza kuwa anamaanisha sahani ya mchana, huku wewe ukingoja pesa jioni. Ugomvi huanzia hapo. Kabla ya kushika jembe, uliza: "Posho ni chakula au ni pesa? Ni kiasi gani?" Uliza mbele ya mtu mwingine.

Nawe mwenyeji, unapomwajiri jirani mkimbizi, sema wazi "chakula cha mchana" au taja shilingi. Mkielewana neno mapema, kazi itaisha kwa amani na kila mmoja atapata haki yake.