Mbili Tatu kwa Siku

Nikimuuliza mgonjwa kama anavuta sigara, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Navuta, daktari, lakini si sana. Mbili tatu kwa siku." Hadanganyi. Huku kwetu wavutaji wengi hawanunui pakiti. Sigara huuzwa moja moja kioskini, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani ili mteja awashe papo hapo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataka pakiti isipungue sigara 10, lakini kamba zile bado zinaning'inia.

Hesabu ya mgonjwa ni nyepesi: kama wa 20 kwa siku yuko hatarini, basi wa moja amebeba sehemu ya ishirini tu ya hatari hiyo. Kwa saratani ya mapafu hajakosea sana, ingawa miaka ya kuvuta huwa na uzito kuliko idadi. Kwa moyo, amepotea kabisa. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ la Uingereza ulionyesha kuwa anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mwenzake wa 20.

Sababu imo ndani ya mishipa. Moshi kidogo tu unatosha kuuharibu utando laini wa ndani ya mshipa, ukashindwa kutanuka inavyopasa, na kuzifanya chembe sahani, zile zinazogandisha damu tunapojikata, zinatane ovyo. Nikotini nayo inaufikia ubongo katika sekunde zisizozidi 20. Adrenalini inamwagika, mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda. Wakati huohuo kaboni monoksaidi imeshika nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Moyo unadaiwa kazi zaidi huku ukipunjwa hewa. Na sehemu kubwa ya madhara haya hufika mapema: sigara ya kumi na tano haiongezi mengi juu ya yale yaliyokwisha kufanywa na ya tatu.

Mapafu hayana haraka hiyo. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto, baada ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka 8, walieleza kwamba sote tunapoteza pumzi kidogo kidogo kadiri tunavyozeeka, ila mvutaji anayedhurika huipoteza kwa kasi zaidi. Kwa kuwa mapafu yana akiba kubwa, mtu anaweza kupoteza sehemu nzito ya uwezo wake bila kuhisi lolote, kisha siku moja ngazi za ghorofa ya pili zinamshinda. Vifuko vya hewa vilivyokufa havioti upya. Akiacha, hata hivyo, kasi ya kupungua kwa pumzi hurudi karibu na ya asiyevuta, na ndiyo maana sikubaliani na wazee wanaosema "nimeshaharibika, niache nimalizie".

Kinachoua zaidi ni moshi. Kazi kubwa ya nikotini ni kumrudisha mtu kioskini. Hilo halifanyi nikotini iwe salama kwa mjamzito au kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, na vile vifuko vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo havistahili kuwa mikononi mwa watoto wa shule.

Je, kupunguza? Ni hatua, lakini mwili una ujanja wake: aliyetoka 10 hadi 3 huzivuta kwa pumzi ndefu zaidi, mpaka kwenye kipisi, ili apate nikotini aliyoizoea. Namshauri apange siku ya kuacha zote. Arosto huwa kali katika siku 3 za mwanzo, kisha hupoa ndani ya wiki 2 hadi 4. Bandiko na bazoka za nikotini zinasaidia, nazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, ulizia hospitalini. Mwaka mmoja baada ya sigara ya mwisho, ile hatari ya ziada ya moyo huwa imeshuka kwa takriban nusu, hata kwa aliyekuwa akivuta pakiti nzima.