Anodi: Kipande cha Kafara Kinachookoa Mashine ya Chama



Mashine ya mtumbwi hutoka kiwandani ikiwa na kipande kimoja au zaidi cha metali ya kijivu, kilichokazwa kwa skrubu karibu na rafadha au kwenye mabano. Wako wanaokidhani kuwa ni pambo. Kipande hicho huitwa anodi, na kazi yake ni kuliwa.

Metali mbili tofauti zilizogusana zikizama majini, umeme mdogo hupita kati yao, na iliyo dhaifu huyeyuka polepole. Mhimili wa rafadha huwa wa chuma cha pua na kasha la gia huwa la aluminiamu. Kwa hiyo kasha ndilo lingeliwa. Anodi huwekwa iwe dhaifu kuliko zote, ife badala yao. Bila hiyo kasha laweza kutoboka hali mkopo wa mashine haujamalizika kulipwa.

Sasa lililo letu. Anodi nyingi za zinki zimekusudiwa bahari, ambako hufanya kazi vizuri. Ziwa Victoria ni maji baridi, na humo zinki hujivika ngozi ngumu, ikalala. Mvuvi huitazama baada ya mwaka, akaiona haijapungua, akafurahi. Kumbe kasha limekwisha kuanza kuliwa chini ya rangi. Anodi isiyopungua kabisa ni ya kutiliwa shaka kuliko ile iliyoliwa robo.

Kwa maji yetu zafaa anodi za magnesiamu au za aluminiamu. Magnesiamu ina nguvu zaidi, lakini mashine ikihamishiwa pwani huisha upesi mno. Kwa chama kinachonunua kwa jumla, aluminiamu ndiyo tungeichagua. Hii si aluminiamu ya sufuria. Imechanganywa na zinki na indiamu kidogo, na pasipo mchanganyiko huo nayo hulala. Kipande kilichosubiwa kutokana na sufuria kuukuu hakifai, hata kiwe na umbo lile lile.

Dukani katibu asiamini rangi, kwani zote tatu hufanana. Azipime mkononi: kwa ukubwa ule ule, uzito wa zinki ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa aluminiamu, na yapata mara nne ya ule wa magnesiamu. Anodi zote za mashine moja ziwe za metali moja.

Kabla ya kufunga, mahali pake pasuguliwe kwa msasa mpaka pang'ae, maana rangi ikikaa katikati kazi yote ni bure. Anodi yenyewe isipakwe rangi kamwe. Hapa hukosea hasa wale wenye bidii, ambao wakiipaka mashine upya huipaka yote.

Mwanachama wa Buhongwa anayerudi na mashine nyumbani kwa kuhofia wezi huipunguzia pia kuliwa, kwa kuwa anodi hufanya kazi majini tu. Inayolala ziwani ikaguliwe kila mwezi. Anodi ikibaki nusu, ibadilishwe. Katibu aipime kwa mizani siku ya kuifunga, aandike uzito na tarehe katika daftari la chombo, kisha aipime tena kila oili ya gia inapobadilishwa. Na oili hiyo ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mashine isirudi ziwani kabla fundi hajalifungua kasha.