Strelitzia reginae
Strelitzia reginae ni mmea wa familia Strelitziaceae wenye asili yake Afrika Kusini. Maua yake ya rangi ya machungwa na buluu hufanana na kichwa cha ndege mwenye kishungi, ndiyo maana katika lugha nyingi huitwa ua la ndege wa peponi. Jina la jenasi linatokana na malkia Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, mke wa mfalme George III wa Uingereza.

Nyumbani hupandwa katika chungu chenye matundu chini na huhitaji mwanga mwingi. Humwagiliwa udongo wa juu unapokauka.

Mmea uliokomaa huchanua vizuri zaidi mizizi ikibanana kidogo. Kwa hiyo huhamishwa pale tu mizizi inapotokeza kwenye matundu, na chungu kipya huzidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi za upana. Katika chungu kikubwa mno udongo hukaa na maji na mizizi huweza kuoza. Mizizi ni minene na huvunjika kwa urahisi. Ikijeruhiwa, mmea unaweza kukosa maua kwa msimu mzima au zaidi. Mmea mkubwa usiohamishika kwa urahisi hubadilishiwa udongo wa juu tu.

Ukioteshwa kwa mbegu, huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua.