Herufi Moja, Sura Mbili: Usimbaji wa ‘ㄧ’ katika Tarakilishi

Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili anafahamu kwamba ubao katika wingi huwa mbao, na ulimi huwa ndimi. Kiambishi hujitokeza kama m- au n- kutegemea sauti inayokifuata, lakini tunasema mofimu ni ile ile. Wataalamu wa tarakilishi nao walikabiliwa na suala la jinsi hiyo katika herufi moja ya kifonetiki ya Kichina, ㄧ, itamkwayo /i/.

Kichina huandikwa kwa maelfu ya alama ambazo hazimwonyeshi msomaji waziwazi namna ya kuzitamka. Kwa sababu hiyo, mwaka 1913 tume ya kusawazisha matamshi ilikutana Beijing na kukubali herufi za kifonetiki, nazo zikatangazwa rasmi mwaka 1918. Huitwa zhuyin, au bopomofo kwa kufuata herufi nne za mwanzo. China Bara iliidhinisha pinyin, inayotumia herufi za Kirumi, mwaka 1958. Taiwan imebaki na zhuyin: watoto huanza nayo shuleni, vitabu vyao huchapishwa na herufi hizo ndogo kando ya kila alama, na watu wazima wengi huzitumia kupigia chapa. Kwa Kimandarini zinazotumika ni 37.

Herufi ㄧ ni mstari mmoja tu. Asili yake ni alama ya namba moja, 一, ambayo hulala. Kwa kuwa Kichina huweza kuandikwa kutoka juu kwenda chini au kutoka kushoto kwenda kulia, ilizuka desturi kwamba mwandiko ukishuka mstari hulala, na mwandiko ukienda kulia mstari husimama. (Desturi, si sheria, wapo wachapishaji wanaoulaza popote.)

Sasa, tarakilishi haihifadhi maumbo bali namba. Zamani kila upande ulikuwa na namba zake: China ilikuwa na GB 2312 ya mwaka 1980, Taiwan ikawa na Big5 ya mwaka 1984. Zhuyin ilikuwamo katika zote mbili, ila kwa namba tofauti, hivyo hati iliyoandikwa kwa mfumo mmoja ikifunguliwa kwa mwingine ilitoa vurugu tupu. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilikusudia kuzipa herufi za dunia nzima namba zisizogongana. Herufi ㄧ ikapewa 3127 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, yaani 12583 kwa hesabu ya kawaida. Ikihifadhiwa kwa UTF-8 huchukua baiti tatu: E3, 84 na A7. Namba ni hiyo moja. Kulala au kusimama kumeachiwa fonti. Ndivyo ilivyo pia kwa herufi ب ya Kiarabu, ijulikanayo na yeyote aliyesoma miswada ya tenzi: sura nne, namba moja, 0628.

Naona uamuzi huo ni sahihi. Lau sura hizo zingepewa namba mbili, neno lililoandikwa kwa mstari uliosimama lisingepatikana na anayelitafuta kwa mstari uliolala. Hata hivyo, mwalimu anayetaka kuonyesha sura zote mbili katika sentensi moja hulazimika kutafuta fonti mbili. Wengine hukata njia kwa kuchomeka alama ya namba moja (4E00) au kistari cha Kijapani cha kurefusha irabu, ー (30FC). Macho hayatambui kitu, lakini tarakilishi inasoma herufi nyingine kabisa, na utafutaji unashindikana.

Mtu anaweza kuuliza: mbona ㄮ ilipewa namba yake, 312E, mwaka 2017, ilhali ni sura ya zamani tu ya ㄜ? Tofauti ni kwamba sura ya ㄧ hutabirika kutokana na mwelekeo wa mwandiko. Nukta ya ㄮ haitabiriki. Mhariri anayenakili kitabu cha kale kilicho nayo hawezi kuiachia fonti imwamulie. Sharti aiandike mwenyewe.