Ukitoka kwa mheshimiwa, nani atalipa kodi ya ofisi?

Tangu uchaguzi wa 2022 upite, kuna swali ninaloulizwa barazani kuliko jingine lolote. Vijana waliokuwa wakiwaandikia wanasiasa, wakiwapigia picha mikutanoni na kusimamia kurasa zao za Facebook, wamechoka. Wanataka kuungana na wenzao wawili watatu, wafungue chombo chao cha habari, wajitegemee. Je, inawezekana? Na wanaanzia wapi?

Mimi si mtu wa kando katika jambo hili, na ni haki ya msomaji kulijua hilo mapema. Kwa miaka kadhaa nilimwandikia mheshimiwa mmoja hotuba za harambee, rambirambi, hata hotuba ya kufungua choo cha shule. Mshahara haukuwa na tarehe, ulikuja siku akiwa na furaha. Nilipoondoka, mimi na marafiki wawili tukaanzisha kampuni ndogo ya habari. Nikadhani nimeshatoka kwenye siasa.

Kabla ya kueleza yaliyotupata, tutazame mahali ambapo jambo hili limefanywa likasimama.

Jon Favreau alikuwa mkuu wa waandishi wa hotuba za Rais Barack Obama wa Marekani. Rafikiye Jon Lovett naye aliandika hotuba, tena ni mtu wa mizaha. Wa tatu, Tommy Vietor, alikuwa msemaji wa Baraza la Usalama wa Taifa. Lovett alitoka Ikulu mwaka 2011 akaenda Los Angeles kuandika vichekesho vya runinga. Wenzake walitoka 2013 wakafungua kampuni ya ushauri wa mawasiliano, kazi ambayo watu wengi wa siasa huikimbilia. Mwaka 2016, kampeni zilipopamba moto, wakaanza kuzungumzia siasa kwenye podkasti iliyokuwa chini ya kampuni ya watu wengine. Podkasti, kwa asiyelizoea neno, ni kipindi cha redio kisichohitaji redio: unakipakua kwenye simu na kukisikiliza saa unayotaka wewe.

Novemba ya mwaka huo Donald Trump akashinda. Januari 2017 marafiki hao wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Crooked Media. Jina walilitoa kwenye maneno aliyozoea Trump kuwatupia waandishi, kwamba ni vyombo vya habari vya hila.

Pesa zilitoka wapi? Hapo ndipo penye somo. Mwanzoni zilitoka kwenye matangazo ya biashara za kawaida, kama kampuni ya kutuma pesa kwa simu na nyingine inayowapelekea watu vyakula vya kupika nyumbani. Watangazaji waliyasoma matangazo hayo kwa sauti zao wenyewe katikati ya mazungumzo, na kwa kuwa msikilizaji aliwaamini, tangazo likauza. Baadaye wakazunguka mijini kufanya vipindi mbele ya watu walionunua tiketi. Mwaka 2022 wakapokea uwekezaji kutoka kampuni ya bilionea George Soros, na wapo waliohoji kama uhuru wao umebaki ule ule. Swali hilo ni la haki.

Mtihani wao mkubwa ulikuja 2024. Rais Joe Biden, mtu wa chama chao, alifanya vibaya kwenye mdahalo wa tarehe 27 Juni. Watatu hawa, waliokuwa Ikulu wakati Biden akiwa makamu wa rais, wakasema hadharani kwamba chama kifikirie mgombea mwingine. Watu wa kampeni wakawabeza. Tarehe 21 Julai Biden akajiondoa. Sisemi ni wao waliomwondoa, kwa maana sauti zilikuwa nyingi. Ninachosema ni kwamba waliweza kulisema neno hilo asubuhi, na jioni ofisi yao ikawa bado na umeme, maana Biden hakuwa ndiye anayeulipa.

Tusiwapambe kupita kiasi, lakini. Watu hawa hawakuacha siasa. Kampuni yao hukusanya michango na kuwatafutia wagombea wa chama chao watu wa kujitolea. Waliloacha ni kuajiriwa na mwanasiasa, na upande wao hawajauficha hata siku moja. Msikilizaji anajua anayezungumza naye ni nani, naye humpima kwa hivyo.

Huku kwetu Pwani aibu iko kwenye kuuficha upande. Mara ngapi tumeona ukurasa umeanza kwa jina la habari za kaunti, ukatuma vifo, ajali na matokeo ya mpira, watu wakauzoea, kisha miezi mitatu kabla ya uchaguzi ukageuka kuwa wa mtu mmoja? Wafuasi hawakuambiwa chochote. Waliuzwa wao na imani yao pamoja.

Nami yalinikuta. Mojawapo ya habari zetu za mwanzo ilihusu mradi wa soko uliokwama, na ulikuwa katika eneo la mheshimiwa wangu wa zamani. Mwenzangu aliiandika vizuri, na jina lake lilikuwamo. Mimi nikaihariri usiku. Asubuhi mwenzangu akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, mbona jina la mtu limeondoka na mahali pake pameandikwa 'viongozi husika'?" Sikuwa nimepigiwa simu wala kupewa hata shilingi. Mkono wenyewe ulikwenda. Tukalirudisha jina, na tangu siku hiyo habari yoyote inayomgusa mheshimiwa yule siihariri mimi, na chini yake tunaandika kwamba mmoja wetu aliwahi kumfanyia kazi.

Sasa pesa. Katika nchi yetu mtangazaji mkubwa ni serikali. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliunda wakala wake wa matangazo, matangazo ya wizara yakaanza kupitia mlango mmoja, na vyombo vikubwa kwa vidogo vimelalamikia madeni yasiyolipwa. Chombo kikikosa matangazo hayo kinalala njaa, na kikiyategemea kinajifunza kunyamaza. Kwenye kaunti ni yale yale kwa udogo wake: salamu za Idi, pongezi, picha ya ukurasa mzima. Hayo si haramu kuyachukua. Hatari ni kuyafanya ndiyo chakula chako. Sisi tumewekeana mpaka kwamba mlipaji mmoja, awe nani, asizidi robo ya mapato yetu ya mwezi. Kuna mwezi tulikataa tangazo kwa ajili hiyo, na mwezi huo tulikwenda kazini kwa miguu.

Zilizobaki tunazikusanya kidogo kidogo. Kuna mawakala wa safari za Umra, kumbi za harusi, wauza mabuibui, kliniki za meno na hoteli ndogo. Wapo pia ndugu zetu walioko Ghuba na Uingereza, wanaotaka kujua nyumbani kuna nini na hawaoni tabu kuchangia kila mwezi. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu wateja thelathini wana simu thelathini za kupigiwa. Lakini mmoja wao akikasirika, umepoteza sehemu moja ya thelathini tu, na unaweza kuendelea kuandika.

Yaliyotusumbua kuliko pesa ni urafiki. Marafiki hawapendi kuandikiana, wanaona kama kushukiana. Mmoja wetu alileta kamera, wa pili akaleta kompyuta, mimi nikaleta jina na watu ninaowajua. Mwaka ulipopita kamera ikaibiwa, na ndipo tulipogundua hatujui iliyoibiwa ni ya nani: ya kampuni au ya aliyeileta. Hatukusemezana wiki mbili. Na sisi ni watu tunaosoma Qur'ani ambayo aya yake ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Kuandikisha kampuni kupitia eCitizen ni jambo jepesi. Mkataba baina ya wenye hisa ndio unaosahaulika. Andikeni nani ameleta nini na kina thamani gani, faida itagawanywaje, hasara itabebwa na nani, nani ana neno la mwisho kwenye habari, na anayetaka kutoka atalipwaje hisa zake.

Sisi tukaongeza kifungu kimoja ambacho wakili alicheka alipokisoma: mwenye hisa akiamua kuwania kiti, anaacha chumba cha habari siku hiyo hiyo. Hisa zake zinabaki, faida yake anapata, ila haoni habari kabla haijatoka na hagusi kurasa zetu. Mombasa tumewahi kuona safari ya namna yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza na gazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Cheo chake hakikuwa cha kura, na wala si kosa mtu kutoka kwenye kalamu akaenda kwenye cheo. Tunachokataa sisi ni kuvishika vyote viwili kwa wakati mmoja.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na simu zimeshaanza. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alitukalisha tukiwa na kahawa akasema wazee wa kwao wamemwomba asimame kiti cha uwakilishi wadi. Aliona haya kulisema. Tulikitoa kile kifungu kwenye faili tukakisoma wote watatu, kisha akatia saini karatasi ya kukabidhi. Jumatatu nikaketi kubadilisha nywila za kurasa zetu. Yeye ndiye aliyenipigia simu kunikumbusha nisisahau ile ya YouTube.