Nchi Jirani: Daktari wa Simu na Nyumba ya Mgonjwa

Katika mwaka 2023 wananchi wa Rwanda waliobonyeza nyota 811 reli kwenye simu zao, kama walivyozoea, hawakumpata daktari. Huduma iliyoitwa Babyl, ambayo ilianza nchini humo mwaka 2016 na kuandikisha watu zaidi ya milioni 2, ilikuwa imefungwa. Haikufungwa kwa kuwa Wanyarwanda waliikataa, wala kwa kuwa madaktari walikwisha. Ilifungwa kwa sababu kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ilianguka.

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mlioko makambini na vituoni, ambao wengi wenu mmewaacha wazazi na watoto mbali na mahali pa kazi, jambo hilo la jirani zetu linastahili kutazamwa kwa makini. Tiba ya mbali inasifiwa sana siku hizi. Linaloulizwa kwa nadra ni hili: katika nyumba ya mgonjwa kuna nini cha kuipokelea?

Walioiandaa huduma ile ya Rwanda walilijua swali hilo. Nchi ni ya milima, na mgonjwa wa kijijini hupanda na kushuka kabla ya kukifikia kituo cha afya. Nyumba nyingi hazina intaneti. Simu janja ni ghali, na palipo na simu hiyo huenda hapana umeme wa kuichaji. Kwa hiyo huduma ilijengwa juu ya simu ya kawaida, ile ya vitufe. Mgonjwa alijiandikisha kwa namba ya kitambulisho chake cha taifa. Alipigiwa na muuguzi aliyemhoji, na ugonjwa ukihitaji, akaunganishwa na daktari. Baada ya mazungumzo alipokea ujumbe mfupi wenye namba za siri, akaupeleka kwenye duka la dawa au kituo cha afya, akapewa dawa au kupimwa damu. Mwezi Machi 2020 Serikali ya Rwanda ilitia saini mkataba wa miaka 10 ili huduma hiyo iende pamoja na bima ya afya ya jamii, ambayo Wanyarwanda huiita mituweli.

Huo ulikuwa uamuzi wa busara, ila una mpaka wake. Sauti peke yake haimwonyeshi daktari kidonda kilivyoiva, wala kifua cha mtoto kinavyobonyea anapovuta pumzi. Mgonjwa mwenye intaneti nyumbani anaweza kuonekana kwa picha na kupeleka vipimo vyake vya sukari au shinikizo la damu kila asubuhi. Mwenye simu ya vitufe hueleza kwa maneno, na mzee asiyeyajua maneno ya kitabibu hueleza nusu. Tena zipo nyumba ambamo simu ni moja, nayo husafiri na baba. Askari anayepelekwa lindo la mbali na simu ya familia mfukoni anaijua hali hiyo bila kuhitaji kuelezwa.

Nchini Uganda swali hilohilo lilijitokeza kwa sura ya kodi. Julai 2018 Serikali ya nchi hiyo ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa asilimia 12 juu ya intaneti, lakini sheria ikasamehe intaneti inayotumika kwa matibabu na elimu. Nia ilikuwa njema. Ugumu ni kwamba mwananchi hununua kifurushi kimoja tu, na muuzaji hawezi kujua ni kipande gani kitakwenda kwa daktari na kipi kitakwenda kwenye muziki. Msamaha ulioandikwa kwenye sheria si lazima ufike mfukoni mwa mgonjwa.

Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2021, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa kuanzia mkesha wa uchaguzi mkuu. Sababu zilizotolewa zilikuwa za usalama, na mazungumzo haya hayakukusudia kuzipima. Yatosha kusema kwamba katika siku hizo simu ya sauti iliendelea kulia. Aliyemzoea daktari wa kwenye picha alikosa, na mwenye kisimu cha vitufe akapata.

Hata hivyo kisimu hicho hakikuwaokoa Wanyarwanda wakati kampuni ilipoanguka. Mwaka 2021 hisa za Babylon zilikuwa zikiuzwa katika soko la New York kama mali ya thamani kubwa. Agosti 2023 biashara yake ya Marekani ilifungwa na ile ya Uingereza ikawekwa chini ya wasimamizi. Mkataba wa miaka 10 ulikufa kabla ya kutimiza miaka minne. Mama wa kijijini aliyeacha kupanda mlima kwa sababu ya namba 811 alirudi kuupanda kwa hasara iliyopatikana katika masoko asiyoyajua.

Kuna kiungo kingine kilicho karibu zaidi na wasikilizaji wetu. Rwanda haina bahari. Intaneti yake hupita katika nchi za jirani mpaka kwenye mikongo ya baharini ya pwani ya Afrika Mashariki. Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali kwa pamoja. Nchi kavu, Mkongo wa Taifa wa Tanzania hufika Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na Mutukula, mpakani mwa Uganda. Wapo wanaouchimbua wakidhani watapata shaba ya kuuza. Ndani yake hamna shaba. Ni nyuzi za kioo, ambazo muuza vyuma chakavu hazinunui, na zikikatwa huko porini mgonjwa wa ng'ambo ya mto Kagera hukatika katikati ya sentensi.