Dona si Chakula cha Aibu

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, mjini na vijijini, akija mgeni wa heshima hupikiwa ugali wa sembe. Dona hufichwa. Mgeni akiwekewa dona huenda akadhani kwamba nyumba imeingiwa na dhiki, au kwamba yeye hakuthaminiwa. Watu wamezoea kusema kuwa dona ni chakula cha wafungwa, cha wanafunzi wa bweni na cha wasio na uwezo. Sembe, kwa kuwa ni nyeupe na laini, ndiyo ya waungwana. Sisi twaona kwamba fikira hii ni potofu, na kwamba inatugharimu afya na fedha kwa pamoja.

Hebu tuitazame punje moja ya mahindi. Nje ina ganda. Ndani, kuelekea kwenye ncha yake, kuna kiini, nacho ndicho kinachoota mbegu inapofukiwa ardhini. Sehemu iliyobaki, ambayo ni kama nane katika kila sehemu kumi za uzito wake, kwa wingi ni wanga. Wanga hutia nguvu za kufanya kazi, lakini mwili hauishi kwa wanga peke yake. Mafuta ya mahindi, sehemu kubwa ya madini yake, kama vile chuma na zinki, pamoja na vitamini nyingi za jamii ya B, vimo katika kiini na ganda. Nyuzinyuzi zinazolainisha choo zimo katika ganda. Mashine ya kukoboa huliondoa ganda hilo, na kiini nacho kwa sehemu kubwa huenda nalo. Kinachosagwa baadaye na kuitwa sembe ni wanga karibu mtupu.

Sasa na tuhesabu. Mkulima apelekaye mashineni gunia la kilo 100, akakoboa, huweza kurudi nyumbani na kilo 70 au 80 za sembe. Zilizosalia ni pumba. Hulipia kukoboa, kisha hulipia kusaga, na pumba hupewa kuku na nguruwe. Yaani mwananchi aliyelima kwa jasho lake hutoa fedha ili apunguziwe chakula, na sehemu iliyo bora huliwa na mifugo. Baadaye mama mjamzito wa nyumba hiyo hiyo huambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma.

Hatusemi kwamba upungufu wa damu huletwa na sembe peke yake; malaria na minyoo vina sehemu yao. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 42 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu, na kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Taifa lenye hesabu kama hiyo haliwezi kujifanya tajiri wa kumwaga chuma na zinki katika zizi la nguruwe.

Hasara ya kupenda weupe wa nafaka si jambo geni duniani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Java kilichotawaliwa na Waholanzi, watu wengi walioishi kwa wali mweupe walipatwa na beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na hata kuua. Daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakipooza miguu vivyo hivyo. Walipolishwa mchele usiong'arishwa, wakapona. Kitu kilichokuwa kikitupwa pamoja na pumba baadaye kiliitwa vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Serikali yetu haikulala. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza viwanda viongeze chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 katika unga wa mahindi na wa ngano. Hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini sehemu kubwa ya mahindi yanayoliwa nchini husagwa katika mashine ndogo za mitaani na vijijini, ambako kazi hiyo ni ngumu kufanyika. Kwa wananchi hao, njia iliyo karibu ni kutokuondoa kile ambacho Mungu alikwisha kukiweka.

Wako watakaosema kwamba dona huharibika upesi. Ni kweli. Mafuta ya kiini yakikaa huchacha, na unga hutoa harufu. Dawa yake ni kusaga kidogo kidogo. Sembe hudumu dukani, na kwa hiyo muuzaji huipenda. Lakini faida ya muuzaji si lazima iwe faida ya mlaji.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Hukaa zaidi katika ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, na moto wa jikoni hauimalizi. Basi tunasema wazi: dona ya mahindi yenye kuvu ni mbaya kuliko sembe. Lakini kinga ya kweli huanza shambani na ghalani. Mahindi na yavunwe yalipokomaa, yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yachambuliwe punje mbovu na zilizovunjika, kisha yawekwe pakavu. Atakaye dona na aanze na mahindi safi.

Tena nafaka si lazima isagwe. Ndugu zetu Wapare wanasifika kwa makande, na ndugu zetu Wakikuyu kwa githeri. Hapo punje huliwa nzima pamoja na maharage, na maharage huikamilisha protini ya mahindi. Punje nzima humeng'enywa polepole kuliko unga wowote, hata wa dona, na sukari huingia katika damu taratibu. Jambo la maana siku hizi ambapo kisukari kimeingia hata vijijini. Mahindi na maharage yakilowekwa usiku kucha, kuni na mkaa hupungua. Maandazi na chapati za unga mweupe hazina sifa hizo, na ngano yake kwa sehemu kubwa twainunua nchi za nje. Wala tusiusahau ulezi na mtama wa wazee wetu, na togwa yao; maana nafaka ikichachuka, mwili huipata chuma yake kwa urahisi zaidi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo twawaomba wenye mashine wasimkoboe mteja mahindi yake kabla ya kumwuliza kama ataka dona. Twawaomba walimu wakuu wanunue mahindi makavu yaliyochambuliwa, ili dona ya shule iwe nzuri na watoto wasiichukie. Na viongozi wa mashina na matawi, ambao wananchi huwatazama, hawana budi kuonyesha njia: katika mikutano na sherehe zetu na ipikwe dona, viongozi waile mbele ya watu. Wala baba asitarajie mwanawe aheshimu chakula ambacho yeye mwenyewe hukisukumia mbali. Mgeni ajaye nyumbani na apikiwe dona safi, iliyosagwa juzi, naye aambiwe bila haya kwamba hicho ndicho chakula cha nyumba hii.